Je, Wajua? Mkono Usiotulia Usoni

Je, wajua kwamba kuchokonoa chunusi na ngozi hadi mtu ashindwe kujizuia ni ugonjwa unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani? Umo katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Umewekwa kundi moja na ule ugonjwa unaomfanya mtu anawe mikono bila kuridhika au aamke mara kwa mara usiku kukagua kufuli. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliutambua mapema kidogo, mwaka 2013.

Naanza na hilo kwa sababu huku kwetu Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, binti akikutwa mbele ya kipande cha kioo anajibinya uso, huambiwa kwamba ni mchafu, au anajiona mno, au hasikii anachokatazwa. Maneno hayo yameshaumiza watoto wengi, na hakuna hata mmoja aliyepona kwa kuyasikia.

Je, wajua tofauti ya mazoea ya kawaida na ugonjwa wenyewe? Karibu kila aliyewahi kuota chunusi amewahi kuibinya, na hilo peke yake halimfanyi mgonjwa. Mtaalamu hutafuta mambo matatu. La kwanza, vidonda vinavyorudi palepale kwa sababu vidole havipaachi. La pili, mtu amejaribu kuacha, tena si mara moja, akashindwa. La tatu, maisha yameanza kupinda: anachelewa kipindi cha kwanza kwa sababu alikuwa kwenye kioo, anavaa sweta lenye kofia jua likiwa kali, anakwepa picha za kipaimara, anakataa kwenda harusini kwa ndugu. Yakikutana yote matatu, anayehitajika ni mtaalamu wa afya, na kiboko kiwekwe kando.

Je, wajua kwamba jambo hili si la kizazi cha simu na kamera? Daktari wa ngozi wa Uingereza, Erasmus Wilson, aliliandika mwaka 1875. Mwaka 1898 Mfaransa Louis Brocq akaeleza habari za wasichana waliokuwa na chunusi ndogo tu, lakini nyuso zao zimejaa majeraha waliyojitia wenyewe kwa kucha. Brocq aliona jambo ambalo bado tunalikosa leo: ukubwa wa majeraha haukulingana na ukubwa wa chunusi. Mtu anaweza kuwa na vipele vitatu na vidonda ishirini.

Je, wajua ni wangapi? Tafiti za nchi mbalimbali huonyesha kati ya mtu mmoja na watano katika kila watu 100, na wengi wanaojitokeza kutafuta msaada ni wanawake. Ukichukua makadirio ya watu wawili kwa mia, darasa la wanafunzi 50 lina mmoja. Mwalimu wa zamu aliyeko Nkwenda au Nyaishozi anaweza kuwa anamwona kila asubuhi mstarini bila kujua.

Mara nyingi huanza wakati wa kubalehe, chunusi zinapoanza. Chunusi huondoka, mkono hubaki na kazi yake.

Je, wajua kwamba kuna sehemu inayorithiwa? Utafiti wa pacha wa kike nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, ulikadiria kwamba takriban asilimia 40 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika tabia hii hutokana na vinasaba. Kwa hiyo mama anayemkaripia mwanawe huenda akikumbuka vizuri atamwona shangazi yake mwenyewe, au nafsi yake akiwa kidato cha pili.

Hata panya wanaumwa hivi. Katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, maabara ya Mario Capecchi, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2007, ilikuwa na panya waliokosa kinasaba kimoja kiitwacho Hoxb8. Panya hao walijisafisha na kujilamba kupita kiasi mpaka wakatoka vipara na vidonda. Mwaka 2010 watafiti wakatangaza kwamba waliwapandikiza uboho wa panya wazima, na baadhi yao waliacha, nywele zikaota na vidonda vikafunga. Uboho ndio hutengeneza chembe za kinga, na baadhi ya chembe hizo huishi ndani ya ubongo. Sisemi kwamba binadamu watibiwe hivyo. Ninachosema ni kwamba panya hana kiburi wala uzembe, na bado mwili wake uliweza kumsukuma kujijeruhi.

Je, wajua unagusa uso wako mara ngapi? Watafiti wa Australia waliwarekodi wanafunzi 26 wa udaktari wakiwa wamekaa darasani, kisha wakahesabu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015: wastani wa mara 23 kwa saa moja. Karibu nusu ya miguso hiyo ilikuwa machoni, puani au mdomoni. Hawa ni watu wanaosomea magonjwa. Mkono huenda usoni wenyewe, akili ikiwa kwingine kabisa, na ndiyo maana kumwambia mtu "acha tu" hakusaidii: mara nyingi hajui kwamba ameanza.

Watu wa Kagera tuna sababu yetu ya kuujali mkono huo. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilaya ya Bukoba, ukachukua watu sita kati ya tisa walioupata, na Januari 2025 ukatangazwa tena Biharamulo. Ndoo za maji tiririka zilisimama kwenye milango ya maduka na makanisa. Virusi vya namna hiyo hupita kwenye macho, pua, mdomo na ngozi iliyochubuka. Uso uliojaa vidonda vibichi una milango mingi zaidi.

Je, wajua kwamba kichwa cheusi cha chunusi si uchafu? Ni mafuta na chembe za ngozi zilizokufa, zilizoziba tundu la kinyweleo na kubadilika rangi baada ya kukutana na hewa. Kusugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia hakukitoi. Kunachubua ngozi iliyokizunguka na kuiwasha zaidi.

Na ukibinya? Watu huona usaha ukitoka, wakaamini kazi imekwisha. Shinikizo la vidole viwili haliendi juu peke yake. Sehemu yake huenda chini, ukuta wa tundu hupasuka ndani, mafuta na bakteria humwagika kwenye nyama, na mwili hujibu kwa uvimbe mkubwa kuliko wa kwanza. Kipele ambacho kingepotea ndani ya siku chache kinakuwa donda la majuma, na donda lile hupata kigaga, na kigaga huita kucha. Mzunguko wote wa ugonjwa huu uko hapo.

Je, wajua kwamba ngozi yetu nyeusi hulipa gharama kubwa zaidi? Ngozi yenye rangi nyingi ikiumia hujibu kwa kumwaga rangi zaidi mahali pale. Doa jeusi linalobaki huweza kukaa miezi sita, mwaka, na pengine zaidi, wakati chunusi yenyewe ilikuwa ya wiki moja. Watu wengi wanaosema "chunusi zangu haziishi" wana chunusi chache sana. Wanachokiona kwenye kioo ni madoa ya michokonoo ya miezi iliyopita. Tena wenye asili ya Afrika ni miongoni mwa wanaopata zaidi makovu yanayovimba na kukua kupita mpaka wa kidonda, hasa taya, masikio, mabega na kifua. Kovu la namna hiyo lililoota kifuani kwa sababu ya kipele kimoja linaweza kudumu maisha yote.

Jua nalo huyapa madoa nguvu. Baridi ya asubuhi ya Karagwe na ukungu wa mabondeni hudanganya, maana tuko karibu sana na ikweta na tuko juu, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kofia pana ya shambani ni dawa ya madoa, na haiuzwi duka la dawa.

Je, wajua sehemu ya uso ambayo wauguzi huogopa zaidi kuibinya? Ni pembetatu inayoanzia kati ya nyusi na kushuka hadi pembe mbili za mdomo. Mishipa ya damu ya hapo huwasiliana na mishipa iliyo nyuma ya macho, chini ya ubongo. Ni mara chache sana maambukizi kufika huko, lakini yakifika ni dharura. Ukiona jipu la puani au la mdomo wa juu, homa, na jicho kuanza kuvimba, panda bodaboda kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu Karagwe ina ukurasa wake katika historia ya magonjwa ya ngozi, na wenyeji wachache wanaujua.

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, Bweranyange. Januari 1862 Speke aliendelea kwenda Buganda. Grant hakuweza kufuata. Mguu wake ulikuwa umevimba, umekakamaa, na baadaye ukaanza kutoa maji na usaha mwingi. Alibaki Karagwe mpaka Aprili, chini ya hifadhi ya Rumanyika, akitibiwa kwa dawa za wenyeji. Mwaka 1864 alichapisha kitabu cha safari yake, *A Walk across Africa*, na ndani yake akaeleza mguu ule kwa undani. Wataalamu wa baadaye walipoyasoma maelezo hayo waliona kwamba karibu yanalingana kabisa na kidonda cha Buruli, ugonjwa wa bakteria ndugu wa kifua kikuu na ukoma. Wanauhesabu mguu wa Grant kuwa maelezo ya kwanza yanayojulikana ya ugonjwa huo, miaka 35 kabla ya Sir Albert Cook kuona vidonda vya namna ile hospitalini Mengo, Kampala, mwaka 1897. Jina Buruli lenyewe limetoka eneo la Uganda ambako wagonjwa wengi waligunduliwa karne iliyofuata.

Kwa nini hilo liwe katika safu ya kuchokonoa ngozi? Kwa sababu kidonda cha Buruli mara nyingi huanza na kivimbe kisichouma. Kisichouma hupuuzwa, au mgonjwa hulaumiwa kwamba kajichokonoa. Uvimbe usiouma unaogeuka kidonda kipana, kidonda kisichofunga baada ya wiki kadhaa ingawa hukigusi, baka lisilo na hisia ukiligusa kwa ncha ya jani: hayo yapelekwe hospitali yakaangaliwe. Ukimlaumu mchokonoaji kwa kila kidonda, iko siku utamkosea mgonjwa wa kitu kingine.

Je, wajua kwamba funza si mwenyeji wa Afrika? Alitoka Amerika ya Kusini, akashuka Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amelivuka bara zima hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Bibi na babu zetu walijifunza kumtoa kwa pini au mwiba, na pini ile ilikaa kwenye ukuta wa nyumba ikingoja mguu wa mtoto anayefuata. Leo pini ileile inatumika kwenye chunusi. Pini inayopita kutoka mtu hadi mtu inaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI, na ikiwa na kutu na udongo, pepopunda. Kama kuna jambo moja tu la kubadilisha nyumbani kwako wiki hii, iwe hiyo pini.

Je, wajua kwamba katika mkoa wetu kipele kwenye ngozi kiliwahi kuwa hukumu? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Wakati ule watu waliuita ugonjwa huo Juliana, na macho ya majirani yalisoma ngozi: vipele vinavyowasha mikononi na miguuni, makovu meusi, nywele zilizobadilika. Mwaka 2004 watafiti waliochunguza vipele hivyo kwa wagonjwa wa nchi jirani ya Uganda walitoa maelezo yaliyoshangaza wengi: vilionekana kuwa jinsi mwili wenye kinga iliyovurugika unavyojibu kuumwa na wadudu. Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha hali hiyo. Jicho la jirani limechelewa kubadilika. Nimesikia wazazi wakimwambia kijana mwenye madoa ya chunusi, "Watu watasemaje?" na najua swali hilo linatoka wapi, linatoka kwenye misiba ya miaka ile. Lakini kwa kijana mwenye ugonjwa wa kuchokonoa, swali hilo linamrudisha kwenye kioo usiku uleule, kukagua ni nini watu watakachokiona.

Je, wajua kwamba mkorogo hutengeneza chunusi? Krimu nyingi za kung'arisha huwa na dawa kali za jamii ya steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni. Wiki za kwanza uso hutulia na kung'aa, chunusi zikapotea, mtumiaji akashukuru. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, nywele huota, na chunusi hurudi kwa wingi, zote zikifanana. Ukiacha ghafla, uso huwaka. Vilevile kuna krimu zenye zebaki, ambayo huharibu figo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zimekubaliana kuiondoa kabisa kwenye vipodozi. Wilaya zetu zinapakana na Rwanda na Uganda, na vipodozi huvuka mipaka kirahisi kuliko maelezo yake. Kopo lisilo na orodha ya viambato lisipakwe uso wa mtu.

Ndimu kwa chunusi? Hapana. Maji ya ndimu yakipakwa kisha jua likapiga, kemikali zake huunguza ngozi na kuacha baka jeusi lenye umbo la michirizi ya maji yenyewe.

Dawa ya meno? Hukausha na kuwasha. Iacheni mezani kwa meno.

Mafuta ya nywele? Mwaka 1970 madaktari wa ngozi wa Marekani walieleza chunusi za paji la uso na panja zilizowapata Wamarekani weusi waliopaka mafuta mazito kichwani. Mama anayempaka binti yake mafuta ya mgando hadi yanashuka kwenye paji la uso aanze kupunguza hapo kabla ya kununua krimu yoyote.

Wanaume nao wasijitoe. Nywele za ndevu zilizojikunja hurudi ndani ya ngozi baada ya kunyolewa chini kabisa, zikazua vipele vya shingoni, na vijana wengi huvichimba kwa wembe au kibanio wakitafuta unywele. Ni tabia ileile, ila imevaa suruali, na wanaume huiita "kunyoa vibaya" wakanyamaza. Kuacha kunyoa kwa wiki chache, kisha kutumia mashine inayobakiza nywele fupi, huvipa vipele nafasi ya kufa vyenyewe.

Je, wajua dawa ya chunusi yenye ushahidi na bei nafuu? Benzoili peroksaidi. Ile ya nguvu ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10, na haiwashi sana kama hiyo, kwa hiyo usimlipe mtu kwa ukali. Paka nyembamba uso mzima usiku, si juu ya kipele kimoja, na subiri wiki sita hadi nane. Hutoa rangi kwenye kanga na foronya, basi tumia kitambaa cheupe. Vidonge vya doksisiklini na dawa nyingine za kumeza viandikwe na mtaalamu, maana baadhi yake huharibu ujauzito.

Lakini krimu haiufundishi mkono. Hii ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walichapisha njia ya kuvunja tabia za mwili ambayo hadi leo ndiyo msingi wa tiba. Kwanza, mtu hujifunza kuukamata mkono ukiwa njiani. Anaandika kwa siku chache: ni saa ngapi, yuko wapi, anafanya nini, moyoni kuna nini. Wengi hushangaa kukuta ramani inajirudia: usiku wakati wa kujisomea, bafuni penye taa kali, kitandani na simu, baada ya kugombezwa. Pili, mkono hupewa kazi nyingine isiyoweza kufanyika pamoja na kuchokonoa. Kukunja ngumi, kushika kalamu, kukalia viganja, na kubaki hivyo kwa dakika moja hadi tatu, mpaka wimbi la hamu lishuke. Hamu hushuka hata usipoitii. Hilo ni jambo ambalo mgonjwa huliona mwenyewe, na akiliona mara kadhaa nguvu yake huongezeka. Tatu, mtu mmoja anayeaminika humuunga mkono na kumsifu anapofaulu.

Huku kwetu kazi za mikono hazikosekani. Kuchambua maharage, kumenya ndizi, kupukuchua mahindi, kusuka mkeka au kikapu, kuchagua kahawa iliyoanikwa: mkono ulioshika ukindu hauwezi kushika kidevu. Mwanafunzi wa bweni asiye na ukindu ashike kamba fupi au punje chache za maharage mfukoni, azizungushe wakati wa kujisomea. Walimu, msizinyang'anye.

Njia ya pili ni mpya na ni rahisi ajabu. Mwaka 2023 kikundi cha watafiti wa Ujerumani kikiongozwa na Steffen Moritz kilichapisha jaribio la watu 268 wenye tabia za kuchokonoa ngozi, kung'oa nywele, kung'ata kucha na mfano wake. Nusu walifundishwa, kwa maandishi na video tu, kujipapasa polepole: kusugua ncha za vidole kwa vidole vya mkono uleule, au kupapasa kiganja, au nyuma ya mkono, angalau mara mbili kwa siku. Baada ya wiki sita asilimia 53 ya waliofundishwa walipata nafuu, dhidi ya asilimia 20 ya waliokuwa bado wanangoja. Haihitaji fedha, umeme wala barua ya rufaa. Inawezekana kuifanya ndani ya daladala ya Omurushaka bila mtu yeyote kujua.

Dawa za kumeza? Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwapa watu wazima 66 kirutubisho kiitwacho N-asetilisisteini au vidonge visivyo na dawa kwa wiki 12. Waliopata nafuu ya kuonekana walikuwa asilimia 47 ya waliomeza kirutubisho, dhidi ya asilimia 19 ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Ni jaribio dogo, na si kitu cha kununua kwa kubahatisha, lakini linaonyesha kwamba kemia ya ubongo imo ndani ya jambo hili.

Je, wajua kwamba kidonda hupona haraka zaidi kikifunikwa na kubaki na unyevu? Mwaka 1962 George Winter aliwachunguza nguruwe na kukuta kwamba vidonda vilivyofunikwa vilijenga ngozi mpya kwa kasi karibu maradufu kuliko vilivyoachwa kukauka na kushika kigaga. Kwa mchokonoaji faida ni mbili: plasta ndogo huponya, na huzuia kucha isifike. Mafuta ya mgando, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872, yanatosha kuweka unyevu juu ya kidonda kidogo kilichooshwa kwa maji safi na sabuni. Kucha zikatwe fupi. Kioo kikubwa kitumike ukiwa umesimama mbali kwa urefu wa mkono, na kile kidogo cha kukuza kitoke chumbani. Wengine huvaa soksi mikononi wakilala, haipendezi, inasaidia.

Mama, baba, mnapozungumza na mwanenu, hesabuni siku alizofaulu badala ya vidonda. Msimwambie "umeanza tena" mbele ya wageni. Kubalianeni neno moja la siri, jina la tunda au la ng'ombe, mtakalolitamka taratibu mkiona mkono unapanda, naye ataelewa bila kuaibika. Na kama binti hawezi kuongea na mama, yuko shangazi; katika mila zetu mambo ya mwili wa msichana yamekuwa mikononi mwake siku zote, na hili ni mojawapo. Shangazi anayeweza kukaa na mpwa wake jioni wakichambua maharage, akimsikiliza, anafanya sehemu ya tatu ya tiba ya Azrin na Nunn bila kuisoma popote.

Akianguka baada ya wiki tatu nzuri, tiba haijashindwa. Kurudi nyuma kumo katika ugonjwa huu, hasa siku za mitihani na misiba.

Je, wajua pa kwenda? Tangu mwaka 1992 kiko Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi mjini Moshi, kando ya hospitali ya KCMC, ambacho hufundisha matabibu na wauguzi wa ngozi kutoka Tanzania na nchi nyingi za Afrika, kwa lengo kwamba huduma ya ngozi ifike wilayani bila kungoja daktari bingwa. Ukifika Nyakahanga, Isingiro au hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, uliza kama kuna mtaalamu wa ngozi na kama kuna siku ya kliniki ya afya ya akili, maana ugonjwa huu una pande zote mbili. Mtoto anayetaka kuongea na mtu asiyemjua anaweza kupiga 116 bure. Ukiingia kwa tabibu usiseme "nina chunusi" tu, kwa sababu utatoka na krimu tu. Sema hivi: "Nachokonoa ngozi yangu, nimejaribu kuacha nimeshindwa." Kisha mwambie ilianza lini, inatokea saa ngapi, na kama ndani yake kuna wasiwasi au huzuni ya muda mrefu; na kama una daftari lenye ile ramani ya siku zako, lifungue mbele yake.